Kaburi la Tatu

Septemba, udongo ukingali unakubali sululu,
watu wa manispaa walichimba makaburi matano
ya watu ambao hawajafa.
Ndivyo tufanyavyo huku Grinilandi:
ardhi ikishaganda haimpokei mtu.
Nawe, mama, ukitoka ibadani, ukasimama,
ukainua ubao, ukachungulia,
ukasema, "Hili la tatu linaona bahari,"
ukacheka, ukataka nikushike mkono tuteremke,
na mimi nikanuna hadi nyumbani.

Leo ni Februari. Jua limerudi juzi,
limechungulia mlimani dakika kumi, likajificha.
Tumekuvuta kwa sleji, wanaume sita,
jeneza jeupe, maua ya plastiki,
nyuma yetu wanawake na buti za ngozi ya sili,
nusu yake umezishona wewe,
na mbwa wa mji mzima wakilia minyororoni
kama nao wamepewa taarifa.

Kasisi Nathanael amesema ulikuwa nguzo.
Niwie radhi, mchungaji, nguzo haisogei.
Mama yangu Bibiane alikuwa mwendo:
alfajiri isiyo na alfajiri, koleo begani,
akiondoa theluji ngazini pa kanisa
kabla ya zamu ya kiwandani;
mchana kutwa akikata samaki vichwa;
jioni kwaya, mikono ikinuka chumvi.
Kitabu chake cha nyimbo, kifungue popote,
kinadondosha gamba.

Na aliimba akikitangulia kinanda nusu pigo.
Miaka thelathini Karl-Peter alimkimbiza, hakumpata.
Leo ameanza wimbo ule ule,
akafika pale, akasita, vidole hewani,
hana wa kumkimbiza.
Kanisa zima tukasikia lile shimo.

Dada yangu Naduk amesema yake. Haya ni yangu.
Baba alipozama na mbwa wake tisa
nilikuwa na miaka kumi na sita,
nikamwambia Mungu asinitafute, nami sitamtafuta.
Hukubisha. Hukunihubiria hata siku moja.
Ila kila Jumamosi usiku uliniwekea kitini
anoraki yangu nyeupe ya kanisani, imepigwa pasi,
na Jumapili adhuhuri, ukirudi, uliirudisha kabatini
kimya, kama mtu anayefunika sahani
ya mgeni aliyechelewa.
Miaka ishirini na mitatu.
Hesabu Jumapili zake, mimi zimenishinda.

Asubuhi hii nimeitoa mwenyewe.
Nilijua haitanienea: ilishonwa kwa kijana mwembamba,
nami sasa nina tumbo la mtu wa kukaa.
Nikapitisha kichwa. Nikapitisha mikono.
Ikanikaa.

Nikaivua, nikaigeuza ndani nje:
mshono juu ya mshono,
uzi mweupe, uzi wa rangi ya maziwa,
mahali pamoja hata uzi wa kuvulia.
Umeitanua mwaka hadi mwaka
bila kunipima, kwa jicho tu,
mimi nikiwa nimekupa mgongo
nakunywa kahawa yako.

Sasa udongo unaanguka kwa sauti ya mawe.
Sijui kuomba, mama. Nimesahau, au sikuwahi.
Nimesimama tu, upepo ukinipiga shavuni,
nimevaa.

Bahari unaiona? Bado imeganda.
Nyumbani kahawa inachemka,
watu wanavua buti mlangoni, zimejaa hadi nje,
na Naduk ananishika kiwiko, ananinong'oneza
nani atasafisha ngazi Jumapili.

Koleo uliliweka wapi?
Hukusema.