Tundu la Saba

Wete, masika, umeme umekatika tangu alfajiri.
Nashona dirishani. Kofia ya kiua,
oda ya bwana harusi wa Jadida,
na kiolezo ni kofia kuukuu ya kaka yangu Shoka,
marehemu, ambayo nimeifua mara nne
na bado ina harufu ya kichwa chake.

Matundu sita, ruka. Sita, ruka.
Safu ya tatu, karibu na mshono, yako saba.
Mama ndiye aliyeishona.
Labda mtoto alilia, labda chungu kilifurika,
akapitisha sindano mara moja zaidi.
Miye niliyejifunza kwa kutazama
nikalishona la saba kila kofia, miaka ishirini,
nikidhani ndiyo nakshi.
Wanunuzi wa Darajani huzigeuzageuza:
"Kofia za huku zina kitu."

Kweli, zina kitu.

Daktari Zuwena alikitafuta changu, Chake Chake,
kwa sindano nene kuliko hii yangu.
Akaniona nimepakata kazi, akasema:
"Bi Raya, kirusi cha homa ya ini nacho hunakili,
usiku na mchana, wala hakirudi nyuma kuhesabu.
Nakala nyingi mbovu hufa zenyewe.
Moja moja huishi, nayo ikazaa."
Akageuza kadi yangu ya kliniki, akaandika mistari miwili,
wa asili na wangu. Herufi mbili tu zimebadilika.
"Wenye hizi mbili," sauti akaishusha,
"huielekea saratani ya ini zaidi ya wasio nazo.
Kuelekea si kufika."
Nilirudi nyumbani nikilitafuna neno hilo
kila shimo la barabara.

Na kuna jingine, la aibu kidogo.
Mwaka juzi alama moja ilitoweka kwenye damu,
nikachinja jogoo, nikagawa kwa majirani hadi mapaja.
Kumbe kirusi kilikuwa kimejifutia neno
ambalo kipimo kilikuwa kikiliita,
kama mdaiwa aliyebadilisha jina
na bado analala chumba cha uani, anakula.

Shoka hakupimwa.
Tumbo lilipojaa, macho yakawa rangi ya binzari,
wakasema katupiwa, kwa sababu ya mikarafuu ya Mtambwe.
Mganga akamchanja, kisha akatuchanja sote sita
kwa wembe ule ule, shari isituhamie.
Siku nyingine nauhesabu wembe nao:
nani kabla yangu, nani baada.
Zuwena anasema huenda tulizaliwa nacho.
Mama, alipofurahi, hakutuita roho wala moyo.
Njooni mle, akisema,
njooni, maini yangu.

Alhamisi nalala tena kwenye kile kitanda chembamba,
mafuta baridi tumboni, skrini imegeuziwa wao,
nausoma uso wa Zuwena kwa kuwa picha siijui.
Kila miezi sita. Kidonge kila baada ya Isha.
Mwanangu Asaa alichomwa chanjo siku aliyozaliwa
na karatasi yake haina kitu;
naihifadhi kwenye kopo la uzi, chini ya sindano nzuri.
Ananiuliza kwa nini nahesabu kila jambo mara mbili,
hata ngazi za msikiti.

Safu ya tatu. Sita.
Sindano imesimama hewani.
Ah, la mama nalishona. Kofia haina ini.

Umeme unarudi. Naiinua kazi kwenye taa:
safu ya pili, pale nilipokuwa nikimuwaza Shoka,
yako matano.