Swali la Ishirini na Mbili

Mjomba Wekoye hakuwa na cheo cha kutajwa:
karani wa mizani, ghala la ushirika wa kahawa, Mbale.
Mchana alipima magunia ya watu,
usiku alipima konokono.

Maswali aliyatunga mwenyewe, thelathini na moja,
nami, msichana wa darasa la saba mwenye kiwiko imara,
nikazungusha mkono wa mashine ya stensili
hata wino ukanifika kwapani.
Malori ya kahawa yakayapeleka kila gombolola,
Sironko, Kapchorwa, Bukwo, hata Kumi kwa Waiteso.

La kwanza: mto wenu unaitwaje, na zamani uliitwaje?
La tisa: ni mmea gani mbuzi huukwepa?
La kumi na nne: kuna mwamba wenye michoro? Nani alichora? Msitunge.
La ishirini na mbili: mmewahi kuona jani ndani ya jiwe?

Msitunge.
Neno hilo alilipigia mstari mara mbili.

Wengi hawakujibu. Walinusa kodi.
Chifu mmoja alirudisha orodha ya wadaiwa wake.
Mwingine aliandika: Sisi hatujambo, je, wewe?
Hiyo nayo Mjomba aliitia kwenye faili.

Alikuwa na daftari la safu sita.
Maji, amazzi, kameetsi: hawa, alisema, ni wa tumbo moja.
Akipi katoka nyumba nyingine,
lakini kisima ni kilekile.

Likizo ilipofika alipanda Masaaba kwa miguu, na pumu yake.
Mwaka ule wa magendo wanajeshi walimkamata juu ya Kapchorwa,
gunia begani, usiku, njia ya mpakani.
Kahawa iko wapi?
Wakamwaga. Mawe. Mawe na majani makavu kati ya magazeti.
Walimpiga kwanza, wakacheka baadaye.
Kisha kuruta mmoja, mtoto tu, akaokota ua dogo jeupe,
akalitaja kwa lugha ya mama yake.
Mjomba, mdomo umevimba, aliomba kalamu.
Alisema, Rudia taratibu. Mwishoni ni k au g?

Juu ya lile jani la mawe alikuwa na wazo lake:
kwamba ukungu hubeba mbegu, huziingiza katika nyufa za mwamba,
nazo huota humo gizani, bila udongo, bila haraka.
Alikosea.
Kijana wa chuo kikuu alikuja akamweleza kwa adabu,
majivu ya volkano, mamilioni ya miaka.
Mjomba aliandika yote, akashukuru,
akamsindikiza mpaka kituo cha basi, akamuuliza dirishani:
Na ukungu, mliupima?

Alikufa Aprili, mvua ikinyesha wiki ya tatu.
Alikuwa amehamishia kitanda stoo, alale karibu na makabati,
na unyevu uliokuwa ukila karatasi
ukamla yeye kwanza.

Shemeji yake aliuza faili zote kwa kilo.
Mizani ileile.
Mwezi mzima njugu za soko la Mbale zilifungwa kwa mwandiko wake.
Nilinunua njugu mpaka tumbo likaniuma.
Niliokoa kurasa arobaini na tatu, zenye mafuta.
Mawe aliyarithi fundi mmoja. Yamo katika msingi wa nyumba
nisiyoijua, na waliomo wanalala juu ya misitu.

Basi msiniulize aliacha nini.
Ninajua tu kwamba mwaka wa tisa baada ya maziko
bahasha ilifika ushirikani, kutoka Bukwo, jina lake juu,
na karani mpya, badala ya kuitupa, akaniletea.
Ndani ni karatasi yangu mwenyewe, wino wa kwapani,
imekunjwa hata mikunjo imekuwa matundu.
Thelathini hazijajibiwa. Moja, kwa penseli:

Ndiyo. Tulilikuta tukichimba choo.
Tumelifunika na ungo.
Njoo kabla ya mvua.