Chokaa

Alfajiri ile jogoo hakuwika.
Nikashuka ngazi, tochi mkononi,
nikawakuta kati ya nguzo za nyumba, kuku wanane,
vilemba vyao vimeiva zambarau
kama vidole vilivyokazwa uzi.
Bata waliobaki walikuwa wakizunguka,
shingo zimepinda, kila mmoja anatafuta kitu
mgongoni mwake mwenyewe.

Mama mkwe alikuwa ameamka kabla yangu.
Sufuria ilikuwa jikoni, maji yanachemka.
Ngim ni wa miaka ile ambayo nyumbani hatuitaji jina,
alipogawana chura mmoja na watu sita
na mifupa wakaitafuna.
"Nyama ni nyama," alisema. "Moto huua kila kitu."

Wiki moja nyuma nilikaa kwenye mkeka wa pagoda
nikimsikiliza Hoeun, bwana mifugo wa kijiji,
pikipiki yake haina breki, na maneno yake vilevile:
"Mama, moto wa chungu siuogopi.
Naogopa mikono yako kabla ya moto.
Naogopa manyoya, kinyesi, damu kwenye ubao
unaokatia papai la mtoto."

"Chunguni moto utaua," nikamwambia Ngim.
"Vidoleni ataua nani?"
Alinitazama kama mtu anayeibiwa.
Nikaipua sufuria, nikamwaga maji uani.
Mvuke ukatufunika wote wawili.
Hatukusemezana hadi jioni.

Hoeun alikuja na barakoa na glavu,
mifuko ya plastiki miguuni, imefungwa kwa mipira.
Walichimba shimo hadi likamfika kifuani,
mbali na kisima, mbali na shamba la mpunga.
Alihesabu kwa sauti: kuku ishirini na mmoja, bata tisa,
na wazima wakiwemo.
Vuthea, mume wangu, alishika jembe bila neno.
Bata wale walikuwa ada ya shule.
Kuku wa maskini hatagi, husema wasemao.
Wa kwetu walitaga, tena sana,
na ndio hao, chokaa inawaangukia
nyeupe, taratibu, kama unga wa sikukuu.

"Nani aliwagusa?" Hoeun aliuliza.
Kimya.
Kisha Mealea, miaka sita,
akanyoosha mkono kama yuko darasani.
Alilala na kifaranga cha bata ndani ya skafu yake.
Kilikuwa kinasikia baridi.

Niliokota bonge la chokaa
nikachora mstari kwenye nguzo ya ngazi.
Mstari kwa kila alfajiri, kumi, alisema Hoeun.
Nilijifunza uzito wa kikohozi kimoja.
Nilijifunza kulala
kiganja changu juu ya paji la uso lisilo langu.

Mstari wa nne, joto.
Vuthea alimbeba hadi kituo cha afya,
na kabla ya kutaja jina la mtoto
alisema, "Kuku wetu wamekufa."
Wakampeleka peke yake chumba cha mwisho,
wakaingiza kijiti cha pamba puani, akawatukana
tusi ambalo sijui alilisikia wapi.

Siku mbili.
Sitazieleza.

Mafua ya watu tu, walisema. Ya kawaida.
Nikacheka hadi nesi akaniletea kiti.

Ngim hajawahi kusema kwamba nilikuwa sahihi.
Ila huwa namwona kwenye mtungi wa maji,
sabuni mikononi, anasugua kati ya vidole,
anasugua kucha, muda mrefu,
kama anayeosha mchele wa wageni.

Jana alirudi sokoni na mtetea mwekundu.
Hakumpeleka chini ya nyumba.
Alimfunga nyuma kabisa, penye mianzi,
bakuli lake, maji yake.
Mealea akakimbia kumbeba.
"Wewe! Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.
Wiki mbili. Mwangalie kwa macho."

Kisha akainama kwa shida, mkono kiunoni,
akaokota kile kibonge changu cha chokaa
na kwenye nguzo, kando ya mistari yangu,
akachora wake wa kwanza.