Mwiko wa Kushoto

Chini, Kibokoni, baba yuwasonga halwa.
Juu, darini, nimeinamia kompyuta yenye ufa kiooni,
nahesabu eksirei za shimo jeusi
nisilolikaribia hata nikiishi mara elfu.
Harufu ya iliki hupanda ngazi bila hodi,
huketi katikati ya namba zangu.

Shimo si jambazi. Hili watu hawalisadiki.
Kinacholizunguka kitalizunguka tu, miaka nenda, miaka rudi.
Ili kitu kianguke, sharti kwanza kiporwe mwendo wake,
na mporaji ni jirani:
gesi ya ndani yakimbia mno, ya nje yajikokota,
zikasuguana mabega,
ya ndani ikampa mwenziwe kasi yake
na kwa ukarimu huo ikazama.
Joto la kusuguana ndilo linalonifikia.
Kinachong'aa si shimo,
ni foleni ya kuliingia.

Sheria ya baba ni moja: mwiko haugeuzwi.
"Ukianza kulia, umalize kulia."
Utotoni nilidhani asema machozi,
na sikukosea sana,
saa tatu mbele ya sufuria ile ya shaba.

Jumatano alikwenda matangani, Makadara.
Akamwachia Nyiro jiko, na oda ya harusi ya Guraya.
Nyiro hutumia mkono wa shoto. Hakuna aliyemuuliza.
Saa ya pili bega likamfa ganzi,
akahamisha mwiko,
akasonga kinyume.

Nilisikia kabla sijaona:
uji mzito ukasita, ukagongana na nafsi yake,
mwendo ukala mwendo,
ukaporomoka kati kama paa la makuti,
samli ikaruka, ikamchoma kifundo cha mkono.

Niapie nini ili uniamini?
Usiku huohuo mstari wangu ulikuwa umezama.
Siku nne mwanga ulififia,
ya tano ukapanda mara tisa.
Nilirudia hesabu, nikalaumu chombo,
nikalaumu umeme wa Kibokoni.
Kisha, na mafuta ya kuungua yananuka ngazini,
nikaandika pembeni mwa daftari:
*gesi ngeni, imeingia kinyume.*

Wingu lililopasuka mahali, limekuja na mzunguko wake,
likaikuta sahani inazunguka vingine.
Zikafutana.
Na gesi iliyopoteza mwendo haina pa kwenda
ila chini.

Shimo likaongeza uzito, ukingo wake ukatanuka kidogo,
kuzunguka kwake kukapungua, kidogo sana.
Basi. Usiliulize lilikula nini,
wingu, nyota, au samli ya watu wa Guraya;
halina kumbukumbu ya ladha.
Sahani ndiyo inayokumbuka,
yapepesuka bado, imepinda upande mmoja,
miezi baada ya mlo.

(Mbinguni hakuna mwiko, najua.
Mfano wangu wavuja hapo, nauacha uvuje.)

Baba alirudi saa sita, kanzu ina vumbi la makaburini.
Akatazama shaba iliyoachwa uchi,
akatazama kitambaa mkononi mwa kijana.
Nilingoja radi.
"Mkono wako ni upi?"
Nyiro akauinua ule uliofungwa.
"Basi anza kushoto, umalize kushoto."
Akaosha sufuria mwenyewe. Akapima wanga upya.

Alfajiri nikamshushia chai, nikamweleza yote,
mikono yangu ikichora hewani.
Akaniuliza lile ambalo msimamizi wangu hajauliza:
"Na hilo shimo lako, hushiba?"

Halishibi, nikasema, ila huzuiwa.
Likilishwa kwa pupa, chakula huwaka mno mlangoni,
na mwanga wake wenyewe
husukuma nyuma kile kinachofuata.

Akanyamaza. Akapunguza kuni mbili.
Samli akaitia kwa kijiko, ukingoni,
na Nyiro, ulimi katikati ya meno,
aliendelea kushoto, kushoto,
nami nikasimama pale na kikombe kilichopoa,
nikitazama katikati.