Bei ya Kwanza

Ankara ilikuja Jumanne, pamoja na theluji.
Niliisoma nimesimama, buti zikingali miguuni,
maji yakichuruzika juu ya zulia:
dola mia moja hamsini na saba, na senti zake.
Chaneli mia mbili na kumi.
Nikazihesabu tunazozitazama:
vidole vya mkono mmoja vilitosha, kimoja kikabaki.

Kulikuwa na ada ya kukodi king'amuzi,
na ada ya king'amuzi cha pili, kile cha chumbani
kilichokufa tangu Ramadhani,
na ada ya michezo ya mkoa.
Hamimu, wewe unaujua mchezo gani wa mkoa huu?
Ule wa kupigana juu ya barafu, akasema.
Niliuona mara moja, kwa kinyozi.

Nikapiga simu.
Muziki ukanishika dakika arobaini.
Nikamenya viazi, nikavikata, nikaviinjika,
muziki ni uleule, kinanda kinachofukuza mkia wake.
Kisha sauti ya kijana, jina lake Darnell,
laini kama mawese yaliyopata moto.
Nataka kukata, nikasema.
Akasikitika. Alisikitika kweli, kama jirani msibani.
Akauliza wamenikosea nini.
Hamjanikosea, mwanangu. Ni bei.

Basi mia moja na thelathini, akasema.
Nikanyamaza, maana sufuria ilikuwa inafurika.
Mia moja na kumi, akasema.
Nikapunguza moto. Nikafuta mvuke dirishani:
mtaa wa Grant umezama, gari la jirani ni kichuguu.
Tisini na tisa, mama, na filamu juu yake.

Hapo mwiko ukaniponyoka.
Kumbe hili ni soko!
Kumbe miaka sita nimesimama mbele ya meza,
muuzaji ananitazama, anangoja niseme punguza,
nami nafungua pochi, nalipa, nashukuru.
Mimi, binti wa Nyamizi muuza dagaa,
aliyenifundisha pale Ujiji, kabla sijajua kusoma,
kwamba bei ya kwanza ni salamu tu:
huilipi, unaiitikia.

Nikapiga hesabu mgongoni mwa bahasha.
Hamsini na nane kwa mwezi, mara miezi sabini na miwili.
Elfu nne, mia moja sabini na sita.
Tiketi mbili za ndege, kwenda na kurudi.
Mama nilimzika kwa simu,
nikiwaambia kaka zangu hela haikutimia.

Sabini na tisa, akasema Darnell.

Kata, nikasema.
Kata, mwanangu, viazi vinaungua.

Jumamosi tukavirudisha ving'amuzi kwa basi,
vimefungwa kwenye mfuko wa mchele.
Rafuni pakabaki mraba mweusi katikati ya vumbi;
sikuufuta hadi wiki iliyofuata.
Tausi akanunua antena, dola ishirini na tatu,
nyembamba kama chapati ya mtu bahili,
akaibandika kwenye kioo kwa utepe.
Ikanasa idhaa kumi na nne za bure,
na usiku, ziwa likitulia,
ikanasa moja ya ng'ambo, ya Kanada,
ambako hutaja baridi kwa nyuzi zetu za shuleni.
Hasi tisa! Hamimu akapiga paja.
Hatimaye baridi ninayoielewa.

Jana picha ilikuwa inakatikakatika.
Nikaenda dirishani kuvuta pazia, nikainua mkono,
na mtangazaji akarudi mzima, tai yake, meno yake, ramani yake.
Hapo hapo! wakapiga kelele wote wawili.
Mama, usishushe mkono.

Kwa hiyo nimesimama,
kiganja juu, baridi ya kioo begani,
nasikia habari za mafuriko ya mji nisioujua.
Mkono unaanza kufa ganzi.
Mnanilipa shilingi ngapi? nawauliza.
Tausi anataja bei.
Naicheka, kisha naiitikia.