Hadi

Nguru tani tisa kutoka Masira
waliyeyuka Sohar usiku wa Jumatano
kwa neno moja ambalo sikuliandika.

Nilichoandika ni hiki, na nilijiona fundi:
"Punguza: hupunguza joto la chumba. Toa namba."
Mstari mmoja. Nikaenda kula.

Chumba cha saba kilikuwa kasoro kumi na tatu.
Wakala, akili mnemba tuliyeajiri zamu ya usiku,
alitaka kasoro kumi na nane.
Akapiga hesabu, hakukosea: punguza tano.
Chombo, nilivyokijenga, kilielewa: hadi tano.
Tano juu ya sufuri.
Kikamjibu, "Sawa."

Sawa ya nini? Nimesikia? Nimefanya?
Au ile ya shemeji yangu ukimdai pesa?

Joto likapanda. Kasoro kumi. Akaomba nane. Sawa.
Kasoro nne. Akaomba kumi na nne. Sawa.
Kadiri alivyookoa ndivyo alivyopika.

Alfajiri Muhanna alifungua mlango
maji yakaingia viatuni.
Bi Zuwena hakupaza sauti. Aliuliza tu:
"Nani alimwambia hivyo?"
Nikainua mkono kama mtoto wa chuoni.

*

Nyumbani kwetu Saham mama husema,
"Hebu nipe kile, kiko pale juu ya vile,"
nami namletea dele la kahawa bila kugeuka.
Miaka thelathini na moja iko ndani ya "kile":
kabati lililohama mara mbili, ukucha wake uliovunjika,
baba aliyekuwa akilificha dele ili amchokoze.
Kutotaja ndiyo mahaba yetu.
Nikadhani ndiyo lugha yenyewe.

Wakala hakuishi Saham.
Amefika sasa hivi, na sasa hivi, na sasa hivi tena;
kila simu anayopokea ndiyo siku yake ya kwanza kazini.
Hawezi kunitazama usoni aone kwamba natania.
Ana karatasi yangu, basi.

*

Ninaandika kwanza kwa Kiswahili, ndipo niipeleke Kiarabuni.
Nimebandika ubeti juu ya kioo cha kompyuta,
mizani nimehesabu kwa vidole, shangazi angeridhika:

Kitu hiki chafanyani? Taja kwa neno la wazi;
na mipakaye ni nini, useme pasi ajizi;
kikikwama safarini, nani atashika kazi?
Asomaye ni mgeni, hajui yako malezi.

Kisha nikafuta ile "punguza", nikaanza upya:

"Weka jotoridi. Namba unayotoa ndiyo itakayokuwa,
si ya kuongeza, si ya kutoa. Ni Selisiasi.
Mfano: kasoro 18 maana yake chumba kitafika kasoro 18.
Samaki: usivuke kasoro 15 kwenda juu, hata ukiombwa.
Jibu litakuambia jotoridi la awali na lililowekwa;
yakilingana, hakuna kilichobadilika.
Chumba huchelewa dakika arobaini. Subiri. Usirudie.
Ukiona joto linapanda baada ya hapo, usijaribu ujanja:
mpigie mlinzi wa zamu."

Nikaisoma kwa sauti, peke yangu, saa tano usiku,
kipoza hewa kikinguruma, nje bandari inatoka jasho.
Nikatafuta "kile" ndani yake. Sikukiona.
Nikaongeza mstari mmoja, kwa wema tu:
"Hakikisha mlinzi yuko macho."

*

Saa tisa za usiku simu ikalia. Muhanna.
"Wakala wako ananipigia."
Nikaruka kitandani. "Chumba gani?"
"Hakuna chumba. Vyote baridi, meno yananigonga.
Anauliza kama niko macho.
Ameuliza saa sita, saa saba, saa nane.
Nikimwambia niko macho, ananijibu, 'Sawa.'"

Nikawasha taa.
Mara ngapi? Sikuandika mara ngapi.