Mabaki

Arobaini na watatu kwa wanne: kumi, baki tatu.
Hesabu ya darasa la tatu, nami nina shahada mbili
na sikuiona mpaka Jumamosi asubuhi,
hapa Łódź, katika kiwanda cha nyuzi kisichosokota tena,
theluji imeziba madirisha, chai inafuka mezani.

Wiki nzima algoriti yangu haikulala.
Niliilisha madodoso: nani husema kwanza,
nani husubiri, nani hununa akifungwa karata.
Ikawachanganya watu mara elfu sitini
kisha ikatema timu kumi, kila moja na alama yake,
tarakimu nne baada ya nukta.
Bibi alikuwa akisema kazi ya wengi nyepesi.
Mimi nilitaka nyepesi kiasi gani.

Mchezo ni huu: mgodi unajaa maji.
Kila mtu na kishikwambi chake, na robo ya ramani,
na robo yako haina mlango.
Dakika kumi na mbili.

Waliobaki:
Zenon, fundi wa tramu mstaafu,
swali la kumi na saba alilijibu kwa penseli, "Inategemea,"
na mashine haikujua pa kumtia.
Wiesława, katoka zamu ya usiku wodini, viatu vyeupe bado miguuni.
Tymek, miaka kumi na tisa, kidevu ndani ya skafu.
"Wa nne nani?"
Wakanitazama.

Raundi ya kwanza tulizama dakika ya tano.
Nilipiga kelele kuliko wote; si mchezo ni wangu?
Kushoto! Juu! Hapana, juu!
Mwenye mgodi ndiye aliyetuzika.

Zenon akafuta miwani kwa ncha ya shati.
"Karakana kwetu, kabla ya kurudisha tramu nyuma,
husemi unachokiona.
Unasema usichokiona."

Basi tukaanza upya, kama vipofu wanaosalimiana.
Sioni ngazi.
Sioni kona ya pili.
Mimi sioni hata miguu yangu, alisema Wiesława, tukacheka,
sekunde nne zikapotea bure.
Halafu kutoka ndani ya skafu:
"Sioni maji."
Rudia, Tymek.
"Huku kwangu. Sioni maji."

Tulitoka dakika ya kumi na moja na ushee.
Sitadanganya: tulikuwa wa saba.
Timu ya kwanza kwa alama ilikuwa ya kwanza kwa saa,
na algoriti yangu si mjinga.

Wiesława alisinzia pale pale kitini,
kikombe kikaanza kuinama.
Tymek akakitoa vidoleni mwake, taratibu,
akakiweka chini mbali na waya.
Hakuna aliyemtuma.

Kioo kikaniuliza, kama nilivyokifundisha:
*Mpime mwenzako, moja hadi tano.*
Nikabaki, kidole hewani.